Ndani ya Mahindi Hakuna Upeo wa Macho

Maneno yaliyosemwa Lubumbashi, siku ya kufungua maonyesho ya tablo (picha za rangi) za shamba

Ba mama, ba papa, wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti vimekwisha: jambo yenu wote.

Wenyeji wetu waliniomba nizungumze juu ya uzuri wa kijiji. Juu ya kijiji nitazungumza. Uzuri, kama upo, utajitokeza wenyewe.

Nianze na wanunuzi, maana wao ndio walionifanya nikubali kusimama hapa. Mtu anaingia, anazunguka ukuta mzima mikono ikiwa mgongoni, kisha ananijia kwa upole: "Mama, kazi ni nzuri, lakini michikichi iko wapi? Mto uko wapi? Na jua linalozama?" Kijiji anachokitafuta nakijua. Ni kile kinachouzwa kando ya barabara, pamoja na sahani za shaba zilizogongwa nyundo na vinyonga vya malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba: nyumba tatu za majani, mama mwenye mtungi kichwani, mtumbwi, mchikichi ulioinamia maji, na nyuma yake anga la rangi ya chungwa. Vijiji hivyo nami nimechora vingi. Vimelipia watu kodi ya nyumba na karo ya watoto, na sitamcheka anayeishi navyo. Lakini tuulizane leo, kwa kuwa tuko wenyewe: nani kati yetu alikulia pale?

Mimi nilikulia kati ya Likasi na Kambove, miji ya migodi. Mchikichi ni mti wa huko chini, kuelekea Kasai na mwambao wa Tanganyika, kwenye joto na unyevu. Kwetu huku juu, mita 1,200 na zaidi kutoka usawa wa bahari, kuna miombo, vichuguu, ardhi nyekundu, na karibu nusu ya mwaka isiyo na tone la mvua. Mtumbwi niliuona nikiwa msichana mkubwa. Sasa nikichora mtumbwi na kumwambia mgeni kwamba huo ndio utoto wangu, nitakuwa nimemuuzia utoto wa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine sijui kama yupo.

Tena kuna jambo ambalo hiki kijiji cha barabarani hakilisemi kabisa: kwa nini tulikuwa shambani. Wengi wa rika langu, watoto wa Likasi, wa Kolwezi, wa Lubumbashi hapa, hatukuzaliwa katika ukulima. Tulizaliwa katika nyumba za matofali zenye namba mlangoni, baba akienda kazini kwa king'ora. Kisha ikaja miaka ya 1990. Mishahara ilichelewa, ikawa kipande, ikawa ahadi. Fedha ya zaire ililiwa na bei hata noti mpya ikitoka leo, kesho haitoshi kununua chumvi. Ndipo mama zetu walipochukua jembe na kwenda nje ya mji kutafuta ardhi kwa chifu, wakapanda mahindi na mihogo ili watoto wale bukari, ugali wetu. Kwa hiyo shamba langu lina saa ya ukutani ndani yake, lina sare ya kazi ya baba iliyochakaa ambayo mama aliivaa akipalilia. Wanaouliza kwa nini mwanamke kwenye tablo ile ya tatu amevaa koti la kiwandani, jibu ndilo hilo.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe, na hapa naomba vijana mnisogelee kidogo.

Mtu akiniambia anataka kuchora mashamba ya utotoni kwao, namuuliza: ulikuwa ukifanya nini pale? Hajui aseme nini. Anafumba macho atafute picha: kilima, njia, nyumba ya bibi. Namwambia aiache picha kwanza, anitajie kazi. Mtoto shambani hakuwa mtalii. Alitumwa. Na kila kazi aliyotumwa ilimweka mahali fulani, katika kimo fulani, akitazama upande fulani, na huo ndio mchoro wake.

Mimi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumfuata mama na kufukia mbegu. Mvua za kwanza zikishakaza, mwezi wa Novemba, mama anatangulia na jembe, anapiga shimo, nami nyuma yake natia punje mbili tatu na kufukia kwa mguu. Nilimfuata hivyo mstari baada ya mstari. Basi mandhari yangu ya kwanza duniani ni visigino. Visigino vya mama, udongo mwekundu umeingia kwenye nyufa zake, na pindo la kitenge likiwa limelowa. Tablo ndogo ile pale mlangoni, ambayo watu wengi wameipita wakidhani ni ya mawe, ni visigino.

Kisha palizi. Mahindi yakifika Januari yameshampita mtoto kimo. Ukiingia humo na kijembe chako hakuna kilima, hakuna nyumba, hakuna mbingu ila vipande. Kuna mashina, majani yanayokukata mashavuni, mwanga wa kijani unaoshuka toka juu, na sauti ya wenzako usiowaona. Upeo wa macho, ule mstari ambao mwalimu wa kuchora hukuamuru uupige kabla ya kitu kingine chochote, humo haumo. Nilijaribu kwa muda mrefu kuchora palizi kwa kuanza na mstari ule, na kila mara nikapata shamba la mwenye gari anayepita barabarani. Anayepita ndiye anayeuona mstari. Anayepalilia yuko ndani.

Mahali pekee mtoto alipopewa upeo wa macho ni juu ya kichuguu. Wageni hawaamini ukubwa wa vichuguu vyetu. Vingine hupita mita 5, na miti imeota juu yake. Mkulima wa Katanga havibomoi bure. Udongo wake ni wa mfinyanzi na una rutuba kuliko uwanda unaovizunguka, kwa hiyo mama alipanda maboga na bamia ubavuni mwake, na fundi matofali aliukata upande wa pili. Juu kabisa aliwekwa mtoto wa kufukuza ndege. "Usilale, bandege batakula yote!" Ukiwa pale juu na kopo lako la kugonga, ndipo dunia ilipofunguka: mashamba ya watu wote, njia, ukuta wa pori, na mbali kabisa moshi wa viwanda vya Likasi, uliokuwa ukipungua mwaka hadi mwaka.

Basi mkizunguka tena ukuta huu mtaelewa mpango wake bila mimi kuwashika mkono. Tablo zenye mbingu zote zilichorwa kutoka juu ya kichuguu. Zisizo na mbingu zilichorwa kutoka kwenye palizi. Hakuna hata moja iliyochorwa kutoka barabarani.

Kimo cha mtoto kinaleta ubishi mwingine. Mmeona yule msichana aliyejikinga mvua kwa uyoga. Bwana mmoja amenipongeza asubuhi kwa "ndoto" hiyo. Si ndoto, papa. Mvua zikianza, kwenye vichuguu huota uyoga ambao kofia yake huweza kukaribia upana wa mita 1, na wenye kuujua huuhesabu kuwa uyoga mkubwa kuliko wote unaoliwa duniani. Mtu mzima akiuona anafikiria sufuria. Mtoto wa miaka sita anafikiria paa. Nimeuchora kwa kipimo chake halali, kilichobadilika ni mtoto tu.

Hapa sina budi kuwataja wazee, maana swali hili la pori na kumbukumbu halikuanza na mimi, lilianza katika mji huu huu.

Wengi mnawajua watu wa Hangar. Mwaka 1946, mji ungali ukiitwa Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji, ndiyo hiyo Hangar. Wakatoka humo Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga, Bela na wengine. Hakuwapa picha za Ulaya waigize. Aliwataka wachote ndani mwao wenyewe, katika wanyama, samaki, ndege na misitu waliyoibeba vichwani. Bela alipaka kwa ncha za vidole. Mwenze alijaza uso wote kwa vistari vifupi vifupi, hata mwindaji na mnyama na majani vikashonwa kwa uzi mmoja. Pilipili alitia nukta na majani mpaka hapakubaki nafasi ya upepo kupita. Romain-Desfossés alipofariki 1954, wachoraji wake waliingia katika Akademia aliyoianzisha Laurent Moonens mwaka 1951, na Pilipili na Mwenze wakawa walimu huko.

Tazameni tena samaki na ndege wa Pilipili. Hamna mstari wa upeo. Hamna mbele wala nyuma. Jicho liko ndani ya majani, linaguswa na kila kitu kwa wakati mmoja. Nilipokuwa mwanafunzi niliambiwa huo ni urembo, ni nakshi. Siku nilipokwama na palizi yangu ndipo nilipoelewa kwamba mzee huyu hakuwa akipamba. Alikuwa amechora kutoka mahali alipokuwa. Deni langu kwake linaonekana katika kila tablo ya kijani mliyoiona upande wa kushoto, na silifichi.

Lakini nina neno na Hangar, na nitalisema kwa heshima. Shaba ya kwanza iliyeyushwa mji huu mwaka 1911. Wakati Mwenze na Pilipili wanachora, bomba la moshi la kiwanda lilikuwa limesimama juu ya mji kwa miaka mingi. Waafrika walikaa katika cité, mtaa waliotengewa, wazungu upande wao, katikati nafasi iliyoachwa wazi makusudi, na usiku kila mtu kwake. Vitu hivi havimo kwenye tablo za Hangar. Pori limejaa, mji haupo. Sidhani wachoraji hawakuliona bomba. Nadhani walijua mnunuzi anataka nini, na mlezi wao aliamini kwamba Mwafrika halisi ni yule ambaye mji haujamgusa. Kazi zilivuka bahari, zikasifiwa Ulaya kwa kuwa safi. Usafi ule uliagizwa, nusu yake angalau. Na mchikichi wa barabarani leo ni mjukuu wa agizo hilo, ingawa ufundi wa babu haukurithiwa.

Waliojibu ni wale wa baada yao, wachoraji wa mtaani wa miaka ya 1970. Hawakuchora kwa ajili ya wageni. Walichora kwa ajili ya saluni, yaani sebule, za wafanyakazi, juu ya kitambaa cha magunia ya unga, na mteja alikuwa jirani. Ukiingia nyumbani kwa mtu ulikuta ukutani mamba muntu, yule nusu mwanamke nusu samaki, au simba aliyemvamia msafiri, au ile ya kolonia beleji, ukoloni wa Wabelgiji: mfungwa amelazwa chini anachapwa, mzungu amesimama anatazama. Watu waliziita ukumbusho. Kazi yake ilikuwa kumfanya baba aanze kusimulia. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa 1947, alikwenda mbali kuliko wote: kati ya 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi, tablo zaidi ya 100, na kumsimulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian kila moja kwa Kiswahili chetu hiki cha Katanga. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 haijulikani alipo.

Nao wachoraji hao walichora kijiji. Walikiweka katika mambo ya zamani, ya mababu: mto, nyumba, amani. Sasa mimi nasimama kati ya wazee hawa wawili. Kwa Pilipili nachukua jicho lililo ndani ya majani. Kwa Tshibumba nachukua ushahidi. Ninachokikataa ni kijiji cha amani, kwa sababu shamba nililolijua halikuwa zamani wala halikuwa na amani. Lilikuwa mwaka 1992.

Nadhani mmeiona tablo kubwa iliyo peke yake ukuta wa mwisho. Kuna mashamba mawili, katikati mfereji. La kulia limepaliliwa. La kushoto ni msitu wa mihogo, mirefu kuliko mtu, magugu yamepanda hadi kifuani. Watu wananiuliza kwa nini upande wa kushoto sikuumaliza. Nimeumaliza.

Upande ule ulikuwa wa jirani yetu, mama mwenye asili ya Kasai. Alikuwa akitupa karanga za kuchemsha, na alikuwa na wimbo wa palizi ambao maneno yake hatukuyaelewa, tuliitikia tu. Mnajua yaliyotokea 1992 na 1993. Watu wa Kasai walifukuzwa Katanga hii, iliyokuwa ikiitwa jimbo la Shaba wakati ule. Pale Likasi maelfu walilala kituoni wakingoja treni, na wengine walifia hapo hapo wakingoja. Wazee wangu hawakutueleza kitu. Nilichokiona mimi, mtoto, ni kwamba wiki moja wimbo haukuwapo. Na wiki iliyofuata.

Mahindi yana wakati wake, yasipovunwa yanaanguka na kuliwa na panya, na jambo limekwisha. Muhogo hungoja. Unaweza kukaa ardhini mwaka, mwaka na nusu, na zaidi, ukinenepa, bila mtu. Kwa hiyo shamba la jirani halikufa. Liliendelea kukua. Mama yangu alitukataza kuung'oa. "Mwenyewe atarudi," akasema. Tukapalilia hadi kwenye mfereji na kuacha. Masika yakaja, yakaenda. Kila siku nikiwa juu ya kichuguu niliuona ule msitu unapanda. Sikujua unaitwa nini kitu kile, ila nilijua nisikiulizie.

Nimeambiwa na mtu ninayemheshimu kwamba mambo haya si ya kuchora, kwamba yanafungua vidonda, kwamba mgeni akija aone majani mabichi afurahi aende. Nimefikiri sana juu ya maneno hayo. Hakuna damu katika tablo ile, hakuna mtu, hakuna treni. Kuna mihogo tu. Jana alikuja baba mmoja wa makamo, akasimama mbele yake muda mrefu, kisha akanionyesha kwa kidole mahali penye magugu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Sisi tulikuwa na bustani ya nyanya pale Panda, Likasi." Akaniaga, akaenda zake. Ukumbusho unafanya kazi yake hivyo, na mimi sina cha kuongeza.

Tuhamie kwenye rangi, maana naona wanafunzi wameshika kalamu.

Mlifundishwa kwamba mashamba ni kijani, milima ya mbali ni bluu. Nendeni nje ya mji mwezi wa Agosti mtazame mbali. Hakuna bluu. Nyika inaungua, tanuru za makala zinafuka, na hewa yote imejaa moshi mwembamba, basi cha mbali kinakuwa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Kisha Septemba na Oktoba, joto limekaza, mvua bado, ardhi ngumu, na miombo inatoa majani mapya. Yanatoka mekundu. Mekundu, ya waridi, ya shaba, kilima kizima, na baadaye ndipo yanageuka kijani. Nilipeleka tablo ya namna hiyo mahali fulani ng'ambo, wakaandika chini yake kwamba ni majani ya kupukutika. Wenye baridi kwao wanajua wekundu wa kufa tu. Wetu ni wa kuzaliwa.

Na nyeupe. Shamba letu lilikuwa na nyeupe nyingi ajabu, na hakuna anayeikumbuka mpaka aulizwe juu ya kazi. Mihogo michungu hulowekwa siku kadhaa ili sumu itoke, ikishalainika inamenywa na kuanikwa juu ya mawe na mabati. Ukiwa juu ya kichuguu saa sita mchana, mawe yale yanakuumiza macho. Nyeupe hiyo sikuipata kwenye chupa yoyote ya dukani. Niliipata kwenye pemba, udongo mweupe ule ule ambao wazee walipakia nyuso na nyumba. Mnakumbuka, au mlisoma, kwamba huko Bukama mwaka 1926 Georges Thiry, afisa wa kikoloni wa Kibelgiji, alishangazwa na michoro kwenye kuta za nyumba, akampa mchoraji wake Albert Lubaki karatasi na rangi za maji, na mwaka 1929 kazi za Lubaki zikawa zinaonyeshwa Brussels. Kabla ya karatasi kulikuwa na ukuta, na kwenye ukuta kulikuwa na udongo.

Kwa hiyo natumia udongo. Mwekundu wa njiani, wa kahawia wa kichuguu, mweupe wa pemba, mweusi wa makala. Chekecha kwa kitambaa, osha, acha utuame, mwaga maji, kausha, kisha saga kwa chupa juu ya kioo mpaka usisikie tena mchanga. Mimi nauchanganya na gundi nyeupe ya maseremala iliyozimuliwa. Ikizidi rangi inang'aa kipumbavu, ikipungua inabaki kwenye kidole cha mgeni. Kijani nakiomba kwa wachonga malakiti, vumbi linalobaki chini ya mashine zao. Hapa sikilizeni vizuri: vumbi lile ni shaba, halifai kuvutwa puani. Lisageni likiwa limelowa, fungeni pua na mdomo, na watoto wasicheze nalo. Nguo ya kuchorea ni amerikani niliyoipaka gundi na pemba. Magunia ya unga ya siku hizi ni ya plastiki, rangi haishiki. Nikipata gunia la zamani la pamba nanunua bila kuuliza bei, jambo linalomkasirisha mume wangu.

Kuna anayetaka kuniuliza kama nachora kwa picha za simu. Hapana, ila sababu yangu si ubaguzi wa mashine. Nimerudi pale kwetu. Miombo imekatwa kwa ajili ya makala ya mjini, sehemu kubwa imezungushiwa uzio na wachimbaji, kichuguu changu kimeshakuwa matofali ya nyumba za watu. Simu ingepiga uzio. Nilichota udongo nusu ndoo nikarudi nao. Huo nilikuwa na haja nao, mandhari ninayo.

Wala sitaki mdhani kumbukumbu ni kitu kinyoofu. Mama yangu yu hai, kakangu pia, na hatukubaliani mfereji ulipita wapi. Mama anasema ulikuwa nyuma ya kichuguu. Kaka anasema haukuwa mfereji, ilikuwa njia ya ng'ombe, na ng'ombe wenyewe hatukuwa nao. Nimewaleta wote wawili hapa mbele ya tablo, wakabishana mpaka wakasahau kunilaumu. Sikubadilisha kitu. Mama alikuwa akitazama chini kwenye jembe, kaka alikuwa akitazama njia ya kutorokea mpirani, na mimi nilikuwa juu. Kila mmoja ana tablo yake, na za kwao bado hazijachorwa. Kaka amekwisha kuniomba burashi.

Vijana, hamkulima, najua. Wengi wenu mmezaliwa katika mitaa ya Kenya, Katuba, Kamalondo, hapa hapa mjini, na shamba mnaliona mkienda matanga. Mmeniuliza mchore nini basi. Lakini mliwahi kutumwa. Mlitumwa maji saa kumi alfajiri bomba likitoka, mlitumwa makala, mlikaa chini ya meza ya mama sokoni mkilinda sombe, majani ya mihogo. Chini ya meza kuna dunia nzima ya miguu, na sijaona mtu aliyeichora. Pilipili hakuwa sokoni. Ninyi mlikuwapo.

Nimezidisha dakika nilizopewa. Udongo wa aina zote uko kwenye makopo pale mezani, shikeni, onjeni kwa vidole, msiguse kopo la kijani. Wenye maswali ya kazi waje kwangu. Wenye maswali ya bei waende kwa yule ndugu yangu aliyekaa mlangoni, kwa maana mimi nikiulizwa bei napunguza, naye ameshanikataza.